Nilikuwa Nao au Ninao?

Mwalimu alifundisha sarufi miaka ishirini na tisa, na kosa la wakati wa kitenzi hakuliachia hata kwenye kadi ya harusi. Siku ya majibu, daktari alisoma karatasi, akasema, "Ulikuwa na uvimbe kooni."

"Nilikuwa nao, daktari, au ninao?"

"Ulikuwa nao. Dawa zimeumaliza. Ila kipimo kinasema ya leo tu, kwa hiyo utarudi baada ya miezi sita."

Alitoka, akamkuta dada yake kwenye benchi la korido, midomo ikichezacheza kwa sala. Akamweleza.

"Si nilikwambia tangu mwezi wa kwanza wa dawa kwamba umepona?" dada alisema.

"Wakati ule nilikuwa mgonjwa, dada. Ungesema nitapona."

"Wewe ulikuwa unahesabu siku. Mimi nilikuwa naongea na Mungu, na kwake lililoahidiwa limeshatendeka."

Siku nyingine angemsahihisha. Siku hiyo alimwegemea begani, akacheka huku machozi yakimtoka, mpaka nesi akawaomba wawapishe wagonjwa. Nyumbani alilala mchana kutwa, viatu miguuni.