Mtani Akicheka, Hubaki Akaosha Sufuria

Ipo siku moja ya kidato cha kwanza ambayo naikumbuka mpaka leo, mjukuu wangu, na si kwa kujisifu. Mwaka ule kijiji chetu cha Nyangamara kilipeleka sekondari wasichana wawili tu, mimi na Somoe. Tulitembea pamoja asubuhi, tukarudi pamoja jioni. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu kwa mababu, na wewe mtu wa Lindi huhitaji kufundishwa utani. Mtani akikusema hununi, akikunyang'anya muhogo wako humdai.

Siku hiyo mwalimu wa Kiingereza alituandikia ubaoni vile vitenzi vyao vya kuweza, kulazimika na kuomba ruhusa: can, must, may na wenzao. Akasema kitenzi kinachofuata baada yao kinakaa kitupu, hakivai kitu mbele wala nyuma. Akaongeza kwamba ukisema umekwenda na yeye, huyo "yeye" wa Kiingereza naye hubadilika. Mimi nilikuwa nimetoka madrasa, kukariri kulikuwa kazi yangu. Kabla ya kengele nilikuwa nimeshameza ubao mzima.

Somoe akasimamishwa aeleze atafanya nini akirudi nyumbani. Maskini alitaka kusema lazima amsaidie mama yake, na kwamba anaweza kwenda naye shambani. Akasema, "I must to helps my mother. I can to goes with she."

Darasa likacheka. Lakini wenzangu walicheka wakanyamaza. Mimi nilibeba kicheko mpaka nje. Njia nzima nilikwenda nyuma yake nikiigiza sauti yake, shingo nimeipinda, mkono kiunoni. Lo! Nilikuwa na ulimi mimi, ungeukatia kuni. Siku ya kwanza Somoe alicheka na yeye. Siku ya pili akatabasamu kidogo. Siku ya tatu akatangulia njiani peke yake, nami nikampigia kelele kwa mbali, "Goes with she!" Wanaume waliokuwa wakianika ufuta wakageuka kumtazama.

Jumatatu iliyofuata nilipita kwao kumchukua, nikaambiwa haendi. Jumanne vilevile. Alhamisi nikasikia mtaani kwamba amemwambia mama yake shule basi, na baba yake mdogo amefurahi, maana mashamba yalikuwa yanataka mikono.

Unadhani niliona haya? Wapi! Nilirudi nyumbani nikamsimulia mjomba wangu Selemani kama hadithi ya kuchekesha. Kwetu sisi, unajua, neno la mjomba ndilo la mwisho. Alikuwa anabangua korosho, vidole vyeusi. Hakucheka. Akaniuliza, "Babu yako alipofariki, mama yake Somoe alifanya nini hapa?"

Nikakumbuka. Mama Somoe alikuja msibani kwetu kama mtani. Akavaa koti la marehemu, akaiga kikohozi chake na namna alivyokuwa akiulizia chai kila dakika, mpaka mama yangu, aliyekuwa amelia siku mbili bila kula, akacheka na kuomba uji.

"Na baada ya hapo?"

"Aliteka maji."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Akaosha na sufuria zote."

"Haya. Wewe umeshacheka. Sufuria uliyoosha iko wapi?"

Mwanangu, nimechapwa utotoni, nimesemwa, nimenyimwa chakula. Hakuna kilichonikaa kama swali lile. Nililia pale pale, na mjomba akaniacha nilie. Nilipomaliza akaniambia nikamkamate kuku wangu mwenyewe, yule niliyekuwa nimemfuga nimuuze ninunue viatu, maana mtani aliyepitiliza hutoa faini.

Tulipofika kwa kina Somoe nikamwamkia Mama Somoe shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwa kuku. "Aa, huyu kuku kakonda kama mwenyewe! Mmetuletea mgonjwa tumwuguze?" Mjomba akacheka. Kisha yule mama akaacha mzaha, akaketi. "Kuku nimempokea. Lakini mwanangu kanifungia mdomo. Hata Kiswahili sasa anaongea kwa kunong'ona. Wewe ndiye utakayeufungua."

Basi kila alasiri nikawa naenda kwao. Nilidhani nakwenda kufundisha. Nilimpa Somoe jedwali lote kwa mpigo mmoja, bila kukosea. Akanisikiliza, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Sasa nipe sentensi yako mwenyewe. Si ya ubaoni."

Nikatafuta. Hakuna kitu! Nilijua kila neno linakaa wapi, na sikuwa na hata moja la kusema. Mimi, bingwa wa kucheka, sikuwa nimewahi kuthubutu kukosea.

Somoe akacheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa na haki. Ndipo tukaanza upya, wote wawili. Tulitunga sentensi za vitu vya pale pale uani: lazima mbuzi afungwe, naweza kukusaidia, naomba niende nao kisimani. Yeye alikosea kwa sauti kubwa, nami nikamrekebisha. Mimi nilisitasita, naye akanisukuma. Baada ya mwezi hivi alirudi darasani. Mwalimu akamsimamisha. Akasema vizuri mwanzo, katikati akateleza, watu wawili wakaguna. Somoe hakuketi. Akamwomba mwalimu kwa Kiingereza ruhusa ya kusema tena, akasema tena, ikanyooka. Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Alimaliza kidato cha nne, na Kiingereza alinipita. Iliniuma kidogo, sikufichi.

Sasa sikiliza. Jana niliiona simu yako. Niliona video ya yule binti wa kutoka Njinjo unayesoma naye, akihangaika na Kiingereza mbele ya darasa, na nikasikia kicheko cha aliyemrekodi. Ni chako, mwanangu. Kicheko chako nakijua tangu hujaota meno. Ukaituma kwa kundi zima. Umeniambia, "Bibi, ni utani tu." Na leo umesema mwenyewe hakuja shule.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hilo bado linatengenezeka. Huwezi kujifunza lugha ya watu kwa kukaa kimya, na anayekosea hadharani amekushinda wewe uliyejificha nyuma ya simu. Cheka, sikukatazi, tumeumbwa na meno. Lakini ukimcheka mtu, ubaki naye mpaka kazi yake iishe. Ukishindwa kubaki, basi funga mdomo wako.

Kaifute hiyo picha, uwaombe na wenzako waifute. Kisha vaa viatu uende kwao kabla jua halijazama, ubishe hodi, umwamkie mama yake. Usimpelekee maneno mengi. Mwambie binti umekuja msome pamoja.

Mungu akulainishie ulimi, akupe na moyo wa kuutuliza. Akufungulie milango, na kila utakapoingia usiwe peke yako. Amina. Haya, inuka.