Dada Amekubaliwa Matibabu ya Uyoga, Mama Anasema Nikimpeleka Nisimwite Mama

Admin nifichie jina, Wakenya wa Sydney tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, naishi Lidcombe na dada yangu mkubwa. Yeye ni nesi hospitalini Westmead, na tangu korona iingie wodi yao amebadilika kabisa. Ndiye alikuwa anashika simu karibu na uso wa mgonjwa ili watoto wamuage kwa video. Akirudi nyumbani anaoga hadi maji ya moto yanaisha, halafu anakaa tu. Saa hii hata kazini haendi. Amemeza vidonge vya kila aina, ameongea na washauri, wapi. Juzi alinipa funguo za gari nimfichie, akasema hajiamini akiwa barabarani peke yake. Jamani niliogopa.

Mimi kusoma sana sikusoma, lakini nikianza kufuata kitu kwa mtandao silali. Nikapata kuna madaktari wanafanya utafiti hapa hapa Australia: wanakupa dawa ile ya uyoga unaobadilisha akili, unalala kwa kochi umefunikwa macho, wataalamu wawili wanakaa na wewe siku nzima. Nilimwambia dada nikiruka-ruka. Akaomba, wakampima, wakamkubali. Ila ilibidi aachishwe vidonge vyake kwanza, kwa hivyo sasa hana chochote cha kumshika. Na lazima mtu wa familia amchukue jioni, alale naye nyumbani. Huyo ni mimi. Bila mimi hapewi.

Sasa dada akafanya vile sisi wote hufanya kabla ya operesheni: akapigia mama Kenya aombewe. Mama akauliza ni dawa gani, na dada hawezi kumdanganya mama. Kabla ugali uive, mama alikuwa amewapigia watu wa huku, na kikundi chote cha maombi cha Wakenya wa Sydney kilikuwa kinajua ameingilia madawa ya kulevya. Na vile tumefungiwa kwa ajili ya korona, hakuna kutembeleana, wakawa wanatuachia chapati na chupa za mafuta ya upako mlangoni. Anti mmoja, nesi pia, alinipigia akicheka: "Wewe mtoto wa intaneti, umekuwa daktari lini? Hiyo ni bangi imevaa koti jeupe." Daktari wa akili wa dada naye akasema hawezi kumzuia, lakini angekuwa binti yake angesubiri. Daktari mwenzake wa kliniki moja akasema asikose hiyo nafasi. Tushike ya nani? Wenye utafiti hawakutuficha: kuna wanaozidiwa, na kuna wanaopewa kidonge kisicho na kitu ndani bila kujua, ili walinganishwe na wengine.

Jana mama alinipigia. Hakupiga kelele, ndio maana inaniuma. "Ukimpeleka, usiniite mama tena. Nilikutuma huko uchunge dadako." Nikamwambia dada. Akasema, "Ukikataa sitakulaumu. Lakini usiniulize kesho yake nitafanya nini."

Matibabu ni Alhamisi hii. Wale wa utafiti wamenitumia meseji nithibitishe kama nitakuja kumchukua, na wakikosa jibu leo nafasi inaenda kwa mwingine. Mimi hapa nimeshika simu. Dada yuko kwa sofa ananiangalia nikiandika, anadhani nawajibu wao. Ndugu zangu, ningekuwa wa kwenu mngeniambia niandike nini?