Lorna na Jina la Leseni

Lorna Tolvanen alikuwa fundi wa pampu kwenye mtambo wa maji wa mji wa Duluth, mtalaka wa miaka arobaini na sita. Digrii ya uinjinia aliisomea jioni, akitoka kazini viatu vikiwa bado vimelowa, na alipoipata alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kufurahi. Ilibaki mtihani wa kwanza wa uinjinia, ule unaofungua mlango wa kuitwa injinia mwanafunzi. Binti yake Signe, aliyekuwa anamaliza masomo yake ya uinjinia chuoni, ndiye aliyemsukuma.

"Mama, tuombe wote, tufanye siku moja. Ukichelewa tena utastaafu na spana mkononi."

"Spana haijawahi kuniuliza hesabu za mihimili," Lorna alisema. Hata hivyo walikaa mezani, wakajaza maombi kwenye kompyuta huku supu ya mchele wa mwituni ikipoa. Lorna akaandika jina alilozaliwa nalo, alilolirudia baada ya mumewe kuondoka.

Siku ya mtihani waliendesha gari hadi mji wa Minneapolis, barafu ikiwa imeganda kando ya njia. Mapokezini, kijana mmoja akatazama leseni ya udereva ya Lorna, akatazama kompyuta, kisha akaitazama leseni tena.

"Hapa umejiandikisha Tolvanen. Leseni inasema Brandvold."

"Brandvold ni jina la mume tuliyeachana naye. Kubadilisha leseni kunataka siku ya kupanga foleni, na siku hiyo sijaipata."

"Pole sana, mama. Majina yasipolingana, siwezi kukuingiza."

Signe akapandisha sauti. "Ni mama yangu huyu! Mnataka nini zaidi?"

"Ingia wewe," Lorna akamwambia. "Usipoteze muda wako kwa ajili ya jina la baba yako."

Alimsubiri ndani ya gari hadi jioni, koti limefungwa mpaka kidevuni. Hakulia. Alilala, akaamka, akala biskuti, akalala tena. Signe alipotoka, uso ulikuwa umempauka.

"Vipi?"

"Usiniulize, Mama."

Wiki iliyofuata majibu yakaja: Signe hakufaulu. Alijifungia chumbani siku nzima. Jioni Lorna aligonga mlango, akaketi pembeni mwa kitanda.

"Sitaki kurudi kule," Signe alisema.

"Hata mimi sitaki. Mwili wangu wote unakataa."

"Sasa?"

"Sasa kesho naomba ruhusa kazini, nikapange foleni ya leseni. Tena nikitoka huko nitakuwa na njaa. Unaweza kunisindikiza, au ubaki na huzuni yako hapa kwenye joto."

Signe alicheka bila kutaka. Akamsindikiza.

Waliomba tena wote wawili, na majira ya kuchipua wakaufanya mtihani. Safari hii wote walifaulu, Signe kwa kishindo, mama yake, kama alivyodai mwenyewe, kwa kusukumwa na upepo. Orrin, mwenzake wa zamu, alimpokea Lorna mlangoni mwa mtambo.

"Karibu, injinia! Sasa utatuamuru sisi makabwela?"

"Injinia mwanafunzi," Lorna alimsahihisha. "Bado miaka minne ya kufanya kazi chini ya mtu, na mtihani mwingine."

"Mungu wangu. Na utaufanya?"

"Niulize nikishalala," alisema, akavaa buti zake na kushuka kwenye pampu, iliyokuwa inavuja tangu alfajiri.