Kaseti namba ishirini

Leo albamu yangu yote imefutwa na kwaya.

Mnajua napiga kinanda. Muziki wa polepole, wa ngome za kale, ukungu na misitu yenye majini. Hauna maneno.

Nilitoa kaseti ishirini tu, nikaziandika namba kwa mkono, kisha nikafuta faili zote kwenye kompyuta. Makusudi, ili isiongezeke kaseti hata moja.

Kumi na tisa zilienda kwa watu wa mbali. Ya ishirini ilibaki kwangu, hapa Newala.

Mchana narudi kutoka kazini, namkuta Mama sebuleni na Mama Neema wa kwaya. Redio kaseti iko katikati yao.

"Shikamooni."

"Marahaba," Mama akaitikia. "Tumeazima kanda yako, tumerekodia mazoezi ya Jumapili."

Nikasema haiwezekani. Nilivunja vile vidude vya plastiki vya juu ya kaseti ili isirekodiwe tena.

Mama akanionyesha. Kabandika selotepu pale palipovunjika.

"Sisi tumerekodi kanda kabla hujazaliwa, baba."



Nikauliza kama waliisikiliza kwanza.

"Yote," akasema Mama Neema. "Kinanda kizuri. Tukamsubiri mwimbaji aanze mpaka pande zote mbili zikaisha."

Nimeirudisha kwenye kasha lake. Chini ya ile "20/20" niliyoandika kwa wino wa dhahabu, Mama ameongeza kwa kalamu ya bluu:

KWAYA. USIFUTE.