Vigingi Vilivyochipua

Nani hupima kiwanja kwa vijiti vinavyoota? Niliuliza hivyo miaka ile, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu ninayebishana hata na saa ya ukutani.

Nyuma ya maghala ya mtaa wa Asiatique palikuwa na reli fupi ya vigari vya mizigo, iliyotoka bandarini. Baada ya uhuru vigari viliacha kupita. Mama mdogo, aliyenilea, akapanda mboga za lengalenga katikati ya vyuma. Wenzake wakaongeza viazi, kisha maua. Jioni upepo wa ziwa ulipoingia, majani yote yaliinama upande mmoja, nami nikikaa juu ya reli niliona kama bustani ndiyo inayosafiri.

Siku moja watu wa manispaa wakaja kupigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu. Panajengwa ghala jipya, walisema. Mvua zikiisha, bustani inang'olewa. Wiki ile maharagwe yetu yalinuka rangi.

"Mama, huu moshi ni wa nini?"

"Kula, we mutoto. Université imekufundisha kuuliza. Kushiba je?"

Mvua ilipokuja, wekundu wa vigingi ulioshwa wote, navyo vikatoa majani. Vilikuwa muvumu, mti ambao kwetu hupandwa kuzunguka ua. Unaposimama, watu hujua palikuwa nyumbani kwa mtu, na wengi huogopa kuukata.

Msimamizi wa manispaa alirudi na vibarua.

"Nani amepanda hii miti?"

"Si nyinyi, shefu?" mama mdogo akamjibu. "Tuliwaona na nyundo."

Wanawake wakacheka. Msimamizi akamgeukia kibarua mwenye panga.

"Apana, shefu. Muvumu mi sikati. Kata we."

Msimamizi akalipokea panga, akalitazama, akalirudisha. Ghala likajengwa kwingine. Miti ikakutana juu ya reli, watu wakaleta mabenchi, wakapaita Gare, stesheni isiyo na treni. Nilisomea pale, katika mwanga wa kijani, nikikataa neno muujiza na nikikosa lingine.

Nilikuwa na mvi tayari siku mama mdogo, akichambua maharagwe, aliponiambia kwamba vigingi vya manispaa vilikuwa vya mkaratusi, vikavu kabisa. Alivibadilisha kimoja kimoja kwa vya muvumu akimwagilia mboga, akavipaka vipya udongo mwekundu, na vile vya kwanza tukavifanya kuni.