Apdeti Zilizogoma Kuingia Chang'ombe

Mimi nimemaliza kidato cha nne na kompyuta naijua. Ndiyo maana nilifoka pale Mama Rukia, bosi wangu, alipotishia kunifukuza kwenye steshenari yake ya Chang'ombe, hapa Dodoma. Kompyuta ilikuwa inapakua apdeti, yale maboresho ya kuikinga na virusi, kutwa nzima, halafu asubuhi inasema hazikuingia. Virusi vilikuwa vimeshakula barua za wateja watatu.

"Shida ni fundi!" nikasema. "Katuletea kompyuta bomu, halafu nifukuzwe mimi na kichanga changu?"

Fundi Mrisho akaitwa. Ni mtu mzima, lakini nilimshukia mbele ya wateja bila hata shikamoo. Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Mama Neema, jioni huwa unaifungaje?"

"Kama mtu aliyesoma!"

"Hebu tuonyeshe."

Nikawaonyesha kwa madaha. Nikabonyeza kuzima, nikaifunika hapo hapo kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, maana vumbi la Dodoma halina adabu, nikazima na swichi ya ukutani ili umeme usiliwe bure. Nikabeba mkoba, kama ninavyokimbilia kunyonyesha kila jioni.

"Rudia," akasema fundi, "ila kitambaa niachie mimi."

Nikaiwasha, nikarudia. Kwenye kioo yakatokea maandishi ya Kiingereza. Mama Rukia, ambaye Kiingereza hakijui, akasema, "Wewe si umesoma? Tusomee, na hawa wateja wasikie."

"Apdeti zinaingizwa," nikatafsiri. "Tafadhali usizime umeme."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi.