Kabla ya Mashine, Alikuja Kiboko

Harufu ya nyasi mbichi zilizokatwa zikiwa na umande huniingia puani ikapanda mpaka utosini. Niliijua kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinidai maneno ya kitabuni. Juzi mjukuu wangu Neema, yule mhasibu anayekaa mjini, Kiseke, aliniletea mashine ya kukata nyasi. Si ile ya kusukuma. Hii unaipanda, unakaa, unashika usukani kama dereva wa lori. Ilivuka na feri kutoka mjini, ikateremshwa hapa Kamanga huku abiria wameduwaa na mizigo yao kichwani, nami nimesimama mbele kabisa na kanga mpya nikipaza sauti, "Ni ya kwangu! Nipisheni!" Neema ndiye aliyenipandia ukoka kwenye uwanja wote wa kando ya ziwa ili watu wakodi kwa harusi zao. Nilipokata mstari wa kwanza, harufu ile ikainuka, ikanirudisha hapa hapa kwenye uwanja huu, masika yale dada yangu Minza alipotaka kuolewa.

Wakati ule hakuna mtu aliyepanda nyasi. Uwanja wa mwanamke wa Kisukuma ulikuwa udongo mtupu, uliofagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Jani likiota mlangoni, jirani anauliza humo ndani anaumwa nani. Na kwetu kweli alikuwepo wa kuumwa. Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, alikuwa amejifungua kwa shida, analala tu na kichanga chake. Baba alikuwa visiwani anavua. Mvua ikanyesha kama imetumwa, nyasi zikapanda kutoka ziwani zikaja mpaka ukutani, ndefu kunipita, zimejaa vyura na mbu. Katikati ya hali hiyo ikaletwa habari kwamba watu wa Kisesa wanakuja kesho kumwona Minza, na shangazi wa kijana anakuja mwenyewe kukagua nyumba. Sifa za shangazi huyo zilikuwa zimemtangulia. Alishamkataa binti wa watu kwa sababu ya chungu kilichooshwa nusu. Na Minza alikuwa amempenda yule kijana mpaka chakula hakipiti.

Tulifyeka siku nzima. Minza alishika fyekeo, mimi nikapewa panga butu ambalo lilikuwa linazipiga nyasi makofi tu. Viganja vilitutoka malengelenge, yakapasuka, tukaendelea. Jua lilipozama tulikuwa tumesafisha sehemu ya juu, karibu na nyumba. Chini kote, mpaka majini, palikuwa bado ni pori. Minza akaketi humo humo akaanza kulia. "Kabula, mimi nimekwisha. Nitazeekea hapa nafuga vyura." Mayu akamsikia kutoka kitandani, akapaza sauti ile ya mgonjwa asiyetaka kuonewa huruma, "Lia huku unafyeka! Machozi hayazuii mikono!" Lakini mikono ilikuwa imegoma. Tukaingia kulala kama watu waliofiwa.

Kabla hakujapambazuka nilisikia kitu nje. Krup. Krup. Kama mtu anayechana shuka kuukuu, anachana, anatulia, anachana tena. Halafu ikaja pumzi, nzito, ndefu, karibu sana, nikahisi udongo wa ukuta unatetemeka kwenye mgongo wangu. Minza aliniziba mdomo kwa kiganja chake chenye malengelenge. Hatukupumua sisi, alikuwa anapumua yeye wa nje tu. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimezaa, nimezika, nimepanda ndege na Neema kwenda Dar, na bado sijasikia sauti nyingine iliyonifanya nijione mdogo kiasi kile.

Kulipopambazuka tukafungua mlango. Jamani. Pori lote la chini halikuwepo. Nyasi zilikuwa zimekatwa sawasawa, fupi, laini, zinateremka mpaka ziwani kama mkeka uliotandikwa kwa wageni, na umande unametameta juu yake. Hapakufyekwa pale, palinyolewa. Nyayo pana kama sinia zilikuwa zimejaa kwenye tope, na kwa wingi wake nadhani ulikuja ukoo mzima. Ila sisi mpaka leo tunasema kiboko, mmoja, kwa maana mmoja anatosha. Tulisimama pale mdomo wazi mpaka Minza alipogeuka akauona ukuta wa nyumba. Kiboko akinya hunyunyiza kwa mkia, na ukuta wetu ulikuwa umepigwa lipu ya mavi. Tukakimbilia ndoo.

Shangazi alifika jua likiwa limepanda, mrefu, mkavu, macho yanazunguka kama ya mwewe. Alipita mlangoni, akatazama vyungu, akamsalimu mayu, kisha akateremka uwanjani. Akainama. Akapitisha kiganja juu ya zile nyasi, polepole, kama anampapasa ndama. "Kwetu sijaona kitu hiki," alisema. "Huu ni mkono wa nani? Wako, binti?" Minza akafungua mdomo. Niliona kabisa kwamba anataka kusema ndiyo, na mimi nikamwahi. "Ni kiboko!" Halafu nikakumbuka adabu. "Shikamoo."

"Marahaba. Kiboko gani?"

Nikamwonyesha nyayo. Nikamwonyesha na ukuta, ulikuwa bado haujakauka. Minza alinitazama kwa jicho la kunichinja. Shangazi akageuka akavitazama viganja vya dada yangu. "Mlikuwa ndani mnamsikia?" Tukaitikia. "Na asubuhi mkatoka kuosha mavi yake?" Tukaitikia tena. Akacheka, kicheko kikubwa kisichofanana na uso ule mkavu. Akamwita mayu kwa sauti, "Mama Minza! Huyu mkubwa ni wangu. Ng'ombe watakuja. Na huyu mdogo mfundisheni kufunga mdomo."

Sijafunga mpaka leo, ndiyo maana nasema wazi kuhusu mashine yangu. Ni ajabu. Kazi iliyotuchubua viganja kutwa nzima naimaliza nikiwa nimekaa, chai haijapoa. Visu viko tumboni, huvioni, unaona tu nyuma yako pamenyooka. Kasoro zake ni mbili: jiwe hailijui, na inakunywa petroli kama mlevi wa sikukuu. Neema ananipigia simu kila jioni, "Bibi, shuka humo, utavunjika kiuno." Namjibu aliyenunua ni yeye, mwenye mashine ni mimi.

Jumapili Minza alikuja kutoka Kisesa, mkongojo mkononi, bibi wa watu wengi sasa. Nilimkatia uwanja akiwa anatazama. Nilipozima, aliinama kwa taabu, akapitisha kiganja juu ya nyasi kama shangazi yule, mkwe wake, alivyofanya siku ile. "Pazuri," akasema. "Lakini hii mashine mmeinunua. Yule alikuja mwenyewe." Neema alikuwepo, akaonyesha ukanda wa chini kwenye matete, nyasi zimesimama mpaka kiunoni.

"Bibi, pale umepasahau."

Minza akanitazama, nami nikamtazama.

"Sijapasahau," nikamwambia. "Pale pana mwenyewe."